Mdogo Wangu, Mwenye Kauli Hapo Ni Nani?

Safari hii maswali mliyonitumia yamefanana mpaka nikahisi mlikaa baraza moja mkayapanga. Mmoja kapata pasipoti juzi, anauliza kama aanze kuaga kazini. Mwingine kapewa viza ya Marekani ya mwaka mzima, na tayari kamwahidi shangazi yake kwamba watakaa pamoja huo mwaka mzima. Wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi: kaolewa na Mjerumani, na tangu siku ya ndoa anajihesabu Mjerumani. Mashosti wote wameshatangaziwa, na baadhi yao wameshaagiza mikoba.

Sicheki, jamani. Mambo haya hata watu wazima wenye tai shingoni huyachanganya, na wanaoyachanganya zaidi ni wale wanaojifanya wanayajua. Shuleni hakuna aliyetufundisha. Tunayaokota saluni, kwenye daladala, na kwa binamu aliyekaa Ulaya miaka mitatu bila kutuambia alikaa kwa karatasi gani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumuuliza mtu asiyehusika, kisha ukauza kiwanja kwa jibu lake.

Hebu sogea hapa. Pasipoti, viza na uraia ni vitu vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Uraia unasemewa na sheria ya nchi. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa; wewe umekabidhiwa uitumie na uitunze. Viza ni ya nchi unayokwenda, kwenu hakuna anayeweza kukuahidi. Na siku utakazokaa huko zinasemwa na sheria yao na ofisa wao aliyekaa pale mlangoni. Karibu kila anayeniandikia akilia, nikifuatilia kilio chake nakuta alimuuliza asiye na kauli. Aliwauliza Uhamiaji wa kwetu habari za Ujerumani, au alimuuliza mume habari za sheria ya Tanzania. Na wengi, Mungu awasitiri, walimuuliza kishoka, yule wakala asiye rasmi, ambaye hana kauli juu ya kitu hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na pasipoti, maana ndiyo rahisi, ila mnaifanya ngumu wenyewe. Hapa Tanzania tangu 31 Januari 2018 tumeingia kwenye pasipoti za kielektroniki, zile zenye chipu ndani. Ya kawaida ilitangazwa kwa shilingi 150,000, na unakaa nayo miaka kumi. Fomu unajaza mtandaoni, namba ya malipo unapewa, unalipa mwenyewe. Sasa niambie, yule kijana anayesimama nje ya geti na bahasha ya kaki, anayekunong'oneza kwamba kwa laki nne "inatoka chap", hiyo laki mbili na nusu ya juu ni ya nini? Na ukishampa cheti chako cha kuzaliwa na picha zako, unajua anazitumia wapi tena? Hujui. Wala yeye hatakuambia.

Kinachowachelewesha wengi wenu ni jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatuma Saidi, kitambulisho cha taifa kinasema Fatma Said, cheti cha kidato cha nne kina Fatuma S. Juma. Nyumbani wote hao ni wewe, hata babu hajawahi kushangaa. Ofisini ni wanawake watatu. Yanyooshe hayo kabla hujaomba. Tofauti ndogo mara nyingi humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, kubwa hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Waulize Uhamiaji wenyewe wanataka ipi, maana hapo wao ndio wenye kauli. Na pasipoti ikitoka, tiketi ya ndege ikatwe kwa jina lililo ndani ya pasipoti, herufi kwa herufi. Usimpigie wakala simu ukamtajia jina la mapenzi analokuita mchumba.

Kisha tazama tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi sita mbele yake siku unapoingia. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, wao wanataka iwe hai walau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Anayekurudisha nyumbani kwa kosa hili ni yule dada wa kaunta ya shirika la ndege, usiku, masanduku yako yameshapimwa, mama kashaomba dua. Usimchukie. Akikupakia ukakataliwa kule, shirika lake linatozwa faini na kubeba gharama za kukurudisha. Machozi yako yanamgusa, lakini hayaongezi miezi kwenye pasipoti.

Sasa viza. Mdogo wangu, viza ni ruhusa ya kwenda kupiga hodi. Mwenye nyumba amesema njoo mlangoni nikuone. Hajasema ingia, hajasema lala. Wamarekani wanaliweka hili waziwazi katika maelezo yao wenyewe: viza inakufikisha mlangoni, na ofisa wa mpakani ndiye anayekuruhusu uingie na kukuandikia siku zako. Wewe wa shangazi, nisikilize vizuri. Viza yako ya mwaka mmoja inasema ndani ya mwaka huo unaweza kwenda kupiga hodi. Siku za kukaa zinaandikwa kwenye kumbukumbu ya kuingia wanayoiita I-94, unayoweza kuisoma mtandaoni baada ya kufika. Ikisema miezi sita, ni miezi sita, hata kama viza bado ina miezi kumi. Ukipitisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa miaka mitatu. Ukipitisha mwaka, kumi. Shangazi atazeeka, na wewe unamwona kwenye simu.

Ukipewa viza, usiikimbilie kuipiga picha ya kutupia mtandaoni. Kaa kitako uisome. Ile stika ya Schengen, kwa mfano, ina mambo matatu ambayo watu huyaruka: tarehe za kuanzia na kuishia, idadi ya siku, na idadi ya kuingia. Unaweza kukuta tarehe zinachukua mwezi na nusu lakini siku ulizopewa ni 20. Basi ni 20. Na penye idadi ya kuingia, ukikuta 01, maana yake mlango unafunguliwa mara moja. Ukitoka Paris ukaenda London kumwona kaka wikiendi, kwanza Uingereza haimo Schengen, itabidi uwe na viza yake. Pili, ukitaka kurudi Paris kupanda ndege yako ya kwenda Dar, mlango umeshafungwa. Anayeingia na kutoka anahitaji stika iliyoandikwa MULT. Hata ukiwa nayo, hesabu yao ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Zamani watu walitegemea muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuweka mashine zinazosoma uso na vidole, na mashine haisahau kuhesabu.

Ombi lenyewe unalipeleka kwa nchi utakayokaa zaidi, mapema kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usilicheleweshe hadi siku 15 za mwisho. Bima ya safari iwe ya walau euro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Ndugu zetu wa Kongo wana mzigo wa ziada: wanadaiwa viza hata wanapobadilishia ndege tu kwenye viwanja vya Schengen, kwa hiyo tiketi ya bei rahisi inayopitia Ulaya inaweza kuwa ghali kuliko zote. Uliza njia nzima, usiulize mwisho wa safari peke yake. Na cheti cha homa ya manjano usikisahau. Chanjo inahesabika baada ya siku kumi, kwa hiyo usiikumbuke njiani kwenda uwanjani.

Kuna jambo la benki linaloniumiza. Mtu akaunti yake ina elfu sitini miezi yote, wiki moja kabla ya kuomba viza anaazima milioni nane kwa mjomba, anaziweka, anachapa taarifa ya benki. Huyo anayesoma taarifa yako amesoma kama hizo tangu asubuhi. Hataki kuona utajiri, anataka kuona maisha: mshahara unaoingia na kutoka, kazi utakayoirudia, sababu ya safari inayolingana na mfuko. Kama mwenyeji ndiye anayegharamia, sema ni yeye, weka barua yake na taarifa zake. Ukinyimwa, uchungu upo, nisikudanganye. Watu hujifungia chumbani siku mbili. Ila kunyimwa hakukuondolei uungwana wala hakukufungi milele. Kinachofunga ni uongo. Safari ijayo fomu itauliza kama uliwahi kukataliwa, na kishoka atakuambia andika hapana. Uingereza ikigundua umedanganya inaweza kukufungia miaka kumi. Kwa Marekani, uongo wenye uzito unaweza kukufungia maisha. Andika ndiyo, eleza kwa mistari miwili, endelea.

Na wale mnaoniambia, "Dada, mimi naenda Sauzi, kule hatuhitaji viza," haya, nendeni. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 katika mwaka. Lakini kutodaiwa viza hakukupi ruhusa ya kufanya kazi, wala ya kuzamia. Ukipitisha siku zaidi ya 30, ukitoka unaandikwa mtu asiyetakiwa, na unaweza kukaa nje miaka mitano. Hata hapa nyumbani kwetu Afrika Mashariki ni hivyohivyo. Unavuka Namanga au Horohoro bila viza, unagongewa muhuri, unasalimia ndugu. Siku utakapofungua saluni Nairobi, kibali cha kazi kinakuhusu.

Sasa wadogo zangu wa Ghuba, hapa nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie. Wapo mnaopelekwa Dubai au Muscat kwa viza ya matembezi, mkaambiwa "ya kazi tutaibadilisha hukohuko." Ukifika na viza ya matembezi ukashika ufagio, wewe ndiye umevunja sheria, na aliyekupeleka yuko Kariakoo anakula chipsi. Mkataba na viza ya kazi uvione kabla hujapanda ndege, jina la mwajiri lisomeke, na mtu mmoja nyumbani awe na nakala ya kila karatasi. Na ukifika, bosi akisema "lete pasipoti nikuwekee", ujue hana haki hiyo. Pasipoti si yake, wala si yako, ni ya serikali yetu. Qatar, kwa sheria ya mwaka 2015, inaweza kumtoza mwajiri anayeishikilia faini hadi riyali 25,000. Najua sheria ni kitu kimoja na jikoni kwa watu ni kitu kingine. Binti wa miaka ishirini na mbili peke yake kwenye nyumba ya ghorofa tatu hawezi kubishana. Ndiyo maana nasisitiza nakala, na namba ya ubalozi uishike kichwani, usiiache kwenye simu ambayo nayo inaweza kuchukuliwa. Tuna balozi Muscat, Riyadh, Abu Dhabi na Doha. Pasipoti ikipotea au ikizuiwa, hao ndio wanaoweza kukupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Kwenda kwao ni haki yako, huhitaji kuona haya kwamba watu watasema umeshindwa maisha.

Nije kwa bibi harusi wangu wa Ujerumani. Hongera, mdogo wangu, ndoa ni heri. Lakini cheti cha ndoa hakikukupa uraia, hakikukupa hata viza. Kwanza utaomba viza ya kuungana na mume, na kwa kawaida utadaiwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, kwa hiyo daftari na kalamu, darasani. Ukishakaa huko, kwa utaratibu wa kawaida, miaka mitatu, na ndoa ikiwa na miaka miwili, ndipo unaweza kuomba uraia wao. Marekani nayo ina ngazi zake: ile kadi ya kijani ni ya ukaazi, si uraia, na aliyeolewa na Mmarekani husubiri nayo kwa kawaida miaka mitatu kabla ya kuomba.

Na hapa ndipo penye mtego wenyewe. Juni 2024 Ujerumani ilibadilisha sheria, ikasema anayechukua uraia wake halazimiki tena kuukana wa kwao. Watu wengi walishangilia, na Watanzania wakashangilia nao. Mume wako atakuambia, "Utakuwa na zote mbili, sheria inaruhusu." Anasema kweli, sheria yake inaruhusu. Ya kwetu hairuhusu. Mtu mzima wa Tanzania akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, uraia wa Tanzania unamtoka. Haungoji barua wala sherehe. Nawe ukiendelea kupitisha ile pasipoti ya Tanzania pale uwanjani huku ya Kijerumani imefichwa kwenye mkoba, unatenda kosa, hata kama jirani yako amefanya hivyo miaka yote na hajashikwa.

Najua mtaniambia habari za Wakenya. Ndiyo, Kenya tangu katiba ya 2010 raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine, ingawa anatakiwa autangaze, na akitaka kuwa ofisa wa dola ni habari nyingine. Uganda inaruhusu, Rwanda inaruhusu, Burundi inaruhusu. Kongo hairuhusu, katiba yao inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Kila mtu na kwao. Hata wale wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000, waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, walikubali kwanza kuuacha wa Burundi. Ukiona inauma, na inauma, ubishi huo upeleke kwa mbunge wako. Ofisa wa dirishani hana kauli nao.

Maana yake ni nini mfukoni na moyoni? Mtu aliyezaliwa Magomeni, leo ni Mmarekani, mama yake akifariki anaomba viza kuja kumzika, na kwa pasipoti ya Marekani viza hiyo ni dola 100. Anasimama kwenye mstari wa wageni huku wapwa zake wanapita ule mwingine. Ardhi nayo: sheria ya ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumiliki isipokuwa kwa uwekezaji. Kuna hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walio nje, ifuatilieni ubalozini, lakini ijueni kwa jina lake: ni hadhi, na hadhi si uraia. Sikuambii usichukue wa nje. Wapo waliochukua kwa sababu za watoto, za matibabu, za kazi, na sina wa kumhukumu. Nakuambia ukae na kiwanja chako, na urithi wako, na makaburi ya wazee wako akilini, kisha uamue ukiwa macho.

Ila lile la kujilipua, hapana. Unafika, unachana pasipoti, unajiita Mrundi au Msomali, unaomba ukimbizi. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii inaweza kukuchukua miaka ishirini, na hilo ndilo linaloifanya mbaya. Watoto wako wanabeba ukoo usio wao. Mama huwezi kumwalika, maana kwenye fomu ulisema alikufa vitani. Na Uingereza inaweza kuuondoa uraia uliopatikana kwa udanganyifu, hata baada ya miaka. Halafu unamchafulia njia yule Mrundi wa kweli, wa aina ya yule tuliyempokea kambini Nyarugusu akiwa na mtoto mgongoni.

Mwisho nimjibu mama aliye London, anayesema mwanawe amezaliwa huko "kwa hiyo ana zote." Tazama vizuri, dada yangu. Tangu 1983 kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia. Lazima mzazi mmoja awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa upande wetu, mtoto aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania ni Mtanzania kwa kurithi, lakini kama mzazi huyo naye aliupata kwa kurithi tu, hawezi kuurithisha tena. Na kama kweli anazo zote mbili, anaruhusiwa utotoni tu; akifika miaka 18 sheria ya Tanzania inamtaka achague, na akitaka kubaki Mtanzania lazima aukane ule mwingine. Umeniandikia ana miaka kumi na saba na miezi minne. Basi weka miadi na ubalozi mwezi huu, nenda naye mwenyewe, mkiwa na vyeti vyote viwili vya kuzaliwa, chake na chako. Na kabla ya siku hiyo mketishe, umuulize yeye anataka nini, maana hajaulizwa.